Ua Jekundu Chini ya Mahindi

Kila asubuhi bibi Générose aliulizia mahindi kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa.

"Mukazana, mahindi yameamkaje?"

Mukazana ni neno la Kirundi. Ndivyo mama anavyomwita mke wa mwanawe. Mke huyo alikuwa Dorice. Yeye hakuzaliwa kwenye Kirundi. Alizaliwa Ikola, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwa watu wa mitumbwi na dagaa. Wilbert alimwoa, akamleta Katumba, kwenye mahindi na tumbaku.

"Yameamka salama, mama," Dorice alijibu huku akikoroga uji.

Hakusema kweli. Macho ya Générose yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga wa mlango, aliona kivuli cha mtu akipita, lakini shamba hakuliona tena. Shamba hilo alilifyeka yeye na marehemu mumewe, pori kwa pori, mti kwa mti. Dorice aliona huruma kumwambia kwamba linakufa.

Maana lilikuwa linakufa. Mvua ilinyesha vizuri mwaka huo, udongo ulilowa mpaka ukashika miguu. Lakini mahindi yalikunja majani kama yana kiu. Yalikuwa ya njano, yamedumaa, yanafika kiunoni wakati mahindi mengine kijijini yalikwishampita mtu kimo.

Kitu kimoja tu kilinawiri mle shambani. Chini ya mahindi yaliota maua madogo mekundu. Kila ua lilikuwa dogo kama ukucha wa mtoto, na katikati lina tone la njano. Dorice aliyapenda. Kwao Ikola palikuwa na mchanga, mawe na maji. Ua linaloota lenyewe miguuni pako ni zawadi. Alipopalilia, alilipitisha jembe pembeni, akayaacha yachanue.

"Angalau nyie mna furaha," aliyaambia.

Yeye hakuwa na furaha. Ndani ya nyumba, kwenye msumari nyuma ya mlango, lilining'inia begi jeusi. Wilbert alilinunua mnadani.

"Mahindi yakigoma na mwaka huu," alisema siku aliyolitundika, "naenda machimboni. Nitatafuta dhahabu. Mtu hawezi kulima njaa."

"Silvesta naye alisema hivyo hivyo," Générose alijibu taratibu.

Silvesta alikuwa kaka yake Wilbert. Alikwenda machimboni, na mpaka leo simu yake haipatikani. Lakini begi lilibaki pale, na kila Dorice alipofagia chini yake, alilipapasa kuona kama bado ni tupu.

Siku ya kliniki ilifika. Dorice alimwogesha binti yake Bibiana, akamvika kofia ya kufuma. Kofia ilikuwa imechakaa. Basi akapita shambani, akachuma kishada cha maua mekundu, akakichomeka kwenye kofia. Mtoto akang'aa kama bibi harusi mdogo.

Njiani, pikipiki iliwapita. Mara ikafunga breki, ikageuka, ikarudi. Dorice akarudi nyuma hatua moja. Mwanamume aliyeipanda alikuwa na buti za mpira na kofia ya jua. Hakumtazama Dorice. Alimtazama mtoto kichwani.

"Dada, habari za asubuhi. Samahani, hilo ua umelichuma wapi?"

"Shambani kwetu. Kwani vipi? Lina mwenyewe?"

Mwanamume akacheka. "Lina mwenyewe, ndiyo. Mwenyewe ni mahindi yako. Naitwa Gelasius, bwana shamba. Naishi Shanwe, ila kata hii ndiyo kazi yangu. Niambie ukweli: mahindi yako yana kiu wakati mvua inanyesha?"

Dorice alishtuka. Hakuwa amemwambia mtu hata mmoja.

"Nani kakwambia?"

"Hilo ua limeniambia," alisema Gelasius. "Mpeleke mtoto kliniki. Jioni nitakuja kwenu. Na hicho kishada usikitupe njiani. Ukirudi, kitie motoni."

"Nimtoe mwanangu pambo lake, nilichome?"

"Mwanao ni mzuri bila hilo pambo, dada. Amini."

Jioni Gelasius alifika kama alivyoahidi. Alimkuta Wilbert uani, amenuna.

"Bwana shamba, umechelewa," Wilbert alisema. "Shamba langu limechezewa. Na aliyelichezea namjua. Jirani yangu Obadia, huyu hapa ng'ambo ya njia. Tangu mahindi yaanze kufa, salamu yake siipokei."

"Yeye mahindi yake yakoje?"

"Anajificha tu. Na yake ni ya njano, ili asishukiwe."

"Sasa mchawi gani anajiroga mwenyewe?" Gelasius aliuliza. "Mzee wangu, usigombane na mtu kabla hujauliza udongo. Leteni jembe na ndoo ya maji."

Waliingia shambani wote. Générose naye alikuja, amemshika Dorice bega. Gelasius alichagua shina moja la hindi lililodumaa, lenye maua mekundu chini yake. Hakuling'oa kwa nguvu. Alilizungushia jembe kwa mbali, akaliinua pamoja na bonge la udongo, akalitumbukiza lote ndani ya ndoo. Akalitikisa polepole, kama mtu anayeosha kichanga. Udongo ukayeyuka. Mizizi ikabaki mitupu.

"Tazameni sasa. Fuateni shina la ua mpaka chini."

Wilbert akainama. Shina la ua lilishuka, likawa jeupe, na mwisho wake haukuwa ardhini. Mwisho wake ulikuwa kwenye mzizi wa hindi. Ulikuwa umeganda pale kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

"Mungu wangu," Wilbert alinong'ona.

"Kuna nini? Nami nionesheni jamani," Générose alisema.

Dorice alichukua kidole cha mkwe wake, akakipitisha kwenye shina la ua, akakishusha mpaka pale kwenye kifundo, lilipoungana na mzizi wa hindi. Kidole cha mzee kikasimama. Kikarudi. Kikapita tena.

"Linanyonya," alisema Générose. "Linanyonya kama mtoto. Lakini mtoto ananyonya akue, huyu ananyonya aue."

"Umesema vizuri kuliko kitabu, mama," alisema Gelasius. "Wasukuma wanaliita kiduha. Wengine wanaliita gugu chawi, na jina hilo ndilo linalogombanisha majirani. Hakuna uchawi hapa. Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi. Inakaa ardhini miaka mingi, imelala. Mkipanda mahindi, mtama au uwele, mizizi hutoa kitu kama harufu. Mbegu inaamka, inaushika mzizi, inaanza kunyonya maji na chakula. Kwa hiyo hindi linaona kiu hata mvua ikinyesha. Mkiliona ua juu, mjue wizi ulianza chini zamani."

Dorice alitazama ua la shina lile, ambalo bado alikuwa amelishika. "Lakini ni zuri," alisema kwa sauti ndogo. "Halifanani na gugu. Linafanana na maua ya kupandwa mlangoni."

"Hukukosea peke yako, dada," Gelasius alisema. "Sikiliza kisa. Mimea nayo ina koo, kama watu. Wataalamu wanaipanga kwa kutazama hasa ua, maana majani hudanganya: leo mapana, kesho membamba. Mmea huu waliupa jina la Striga asiatica. Striga ni jina la jamii yake ndogo, kama jina la baba. Asiatica ni jina lake mwenyewe."

"Ametoka Asia?" Wilbert aliuliza.

"Hapana. Aliyempa jina alioneshwa mmea wa kutoka huko. Lakini na huku Afrika ni kwao. Ni mwenyeji kabisa."

Générose akacheka. "Basi jina linasema huko, mwenyewe yuko hapa. Kama sisi. Nilibebwa mgongoni kutoka Burundi, nimezeeka Katumba, nina kitambulisho cha Tanzania, na bado wananiita Mrundi. Ila mimi sinyonyi mtu, bwana shamba, uandike."

"Nitaandika, mama. Sasa wataalamu walilitazama hili ua, wakaona lina midomo miwili, mmoja juu na mmoja chini. Wakasema: huyu ni wa ukoo wa maua fulani ya bustanini, yenye midomo kama hii. Wakamweka huko miaka na miaka. Walidanganyika na uso, kama dada hapa. Baadaye wakachunguza mizizi yake, wakachunguza na chembe za urithi, zile zinazoonesha nani ni ndugu wa nani. Wakakuta ndugu zake wa kweli ni mimea inayonyonya mingine. Wakamhamisha. Sasa yumo kwenye ukoo wa wanyonyaji. Jina la ukoo huo ni Orobanchaceae."

"Oroba nini?" Wilbert aliuliza.

"Hata mimi ulimi unanikwama. Shikeni hili tu: uso wake ni wa bustanini, ukoo wake ni wa wanyonyaji. Ukishajua ukoo, unajua tabia. Gugu la kawaida linagombania chakula na hindi, ukipalilia, yameisha. Hili lina tabia nyingine, na dawa yake ni nyingine."

Dorice akauliza:

"Bwana shamba, mtu akiyang'oa, akayaanika, yakakauka kabisa?"

"Akiyaanika wapi?"

"Shambani. Katikati ya matuta."

"Yalikuwa bado na maua, au yalikwisha?"

"Yalikwisha. Niliyaacha kwanza yamalize kuchanua. Yakabaki na vifuko vidogo vya kahawia. Ndipo nikayang'oa mwaka jana." Aliyaonesha matuta kwa kidole. "Kwetu Ikola, dagaa wakitoka ziwani tunawatandaza mchangani, tunawageuza kwa ufagio, jua linawakausha. Nikafanya hivyo hivyo. Nikatandaza matuta yote, nikawa nayageuza asubuhi na mchana. Nilitaka yakauke vizuri, yawe mbolea. Nilitaka kumsaidia mama."

Gelasius alichuma kifuko kimoja kikavu, akakipasua juu ya kiganja cha Wilbert. Vumbi jeusi likamwagika. Wilbert akalipuliza bila kufikiri, likapotea.

"Umeona?" Gelasius alisema. "Hizo zilikuwa mbegu. Kifuko kimoja tu. Mmea mmoja una maelfu kwa maelfu."

Dorice akajifunika uso kwa khanga. Kwa hiyo ni yeye. Kila ufagio ulipopita, ulipanda. Kila alipogeuza, alipanda tena. Alisubiri mumewe aseme neno baya. Wilbert alikuwa anakitazama kiganja chake kitupu.

Mara Générose akaanza kucheka, kwanza kifuani, kisha kwa sauti, mpaka akashika mbavu. Kicheko chake hakikuwa kimesikika kwao kwa muda mrefu.

"Mukazana wangu! Umeanika dagaa shambani, wameota!"

Gelasius akaangua kicheko. Wilbert akajizuia, akashindwa, akacheka pia. Générose akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Dorice.

"Njoo hapa. Usilie. Ulizunguka na ufagio juani, na mimba ya huyu mtoto, ukinisaidia. Nilikuwa nasikia ufagio, nikasema moyoni: huyu ni wangu. Kiduha kilikuwepo kwenye pembe ile hata kabla hujaja, sisi tulikidharau. Na uache kunidanganya asubuhi. Najua mahindi hayajaamka salama. Nasikia upepo unavyopita humo. Mahindi yenye afya hayalii hivyo."

Dorice akainamia mkono ule, akalia bila kujificha.

Kisha Gelasius akawaeleza la kufanya. Kwanza, wang'oe kila kiduha mapema, kabla hakijachanua. Kikiwa na ua au kifuko, kisitupwe shambani wala njiani. Wasiwape mbuzi, maana mbegu hupita tumboni nzima na kurudi shambani na samadi. Wakichome kwenye shimo, nje ya shamba. Jembe na miguu vioshwe kabla ya kwenda shamba lingine.

"Halafu mbadilishe zao," alisema. "Mwaka ujao nusu ya shamba pandeni karanga. Mizizi ya karanga inaiamsha mbegu ya kiduha. Inaamka na njaa, inatafuta pa kushika, haipati. Inakufa palepale. Nusu nyingine pandeni mahindi yanayovumilia, nitawaelekeza mbegu. Wekeni samadi iliyooza vizuri. Kiduha kinapenda udongo uliochoka. Mwaka wa pili mbadilishe, penye karanga paende mahindi."

"Itachukua muda gani?" Wilbert aliuliza.

"Sitakudanganya. Kitapungua mwaka hadi mwaka. Kwisha kabisa ni kazi ya misimu mingi."

Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni kwa Wilbert. "Misimu mingi," alirudia. Akatazama nyumba. Dorice alijua anatazama nini. Kutoka pale mlango ulikuwa wazi, na nyuma ya mlango palikuwa na msumari.

Asubuhi iliyofuata Dorice alipoamka, upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi. Akatoka sebuleni. Msumari ulikuwa mtupu.

Hakupiga kelele. Alimbeba Bibiana, akatoka bila viatu. Alitazama barabara ya kwenda mjini. Haikuwa na mtu, ila ng'ombe wawili na ukungu. Ndipo aliposikia mtu akiimba kutoka shambani. Wilbert hakuwa mwimbaji, lakini alijua kupanga maneno, na sauti ilikuwa yake:

*Ua jekundu la chini, umekuja kwa hisani,*
*Kumbe una mdomoni mirija ya mizizini,*
*Wanyonya hindi shambani, hadi likose thamani,*
*Leo ng'oka ukazikwe, mbegu usimwage tena!*

Alikuwa ameinama katikati ya matuta. Begi jeusi lilikuwa mbele yake kifuani, zipu wazi. Aling'oa kiduha, akakiingiza taratibu ndani ya begi. Aling'oa kingine.

"Magunia yetu yote yana matundu," alisema alipomwona. "Mbegu zingemwagika njiani. Hili ndilo pekee lisilovuja. Mbona unalia?"

"Silii."

"Haya. Kama hulii, shika upande ule."

Dorice alimlaza mtoto kwenye khanga, akainama. Waling'oa mpaka jua likapanda. Ng'ambo ya njia Obadia alitokeza, akasimama anawatazama. Wilbert akanyanyuka.

"Shikamoo, mzee Obadia."

"Marahaba. Leo umenikumbuka?"

"Nisamehe. Niliona vibaya. Una maua mekundu chini ya mahindi yako?"

"Yamejaa."

"Njoo nikuoneshe yanakonyonya. Tusipoyang'oa pamoja, upepo utakuletea yangu, na mimi utaniletea yako."

Mzee Obadia akavuka njia.

Mchana walichimba shimo nje ya shamba. Wakamimina viduha, wakaweka mabua makavu juu, wakawasha moto. Moto uliposhika, Wilbert akalikung'uta begi, akaligeuza ndani nje, akatazama mishono yake. Vumbi jeusi lilikuwa limejificha kila kona. Akalitupa motoni.

"Begi lako!" Dorice alisema.

"Mbegu zimeingia kwenye mishono," Wilbert alijibu. "Haliwezi kwenda popote tena."

Plastiki ikajikunja, ikanuka, ikayeyuka. Dorice hakuwahi kupenda harufu mbaya kiasi kile.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba, na walikula kwa kubana. Mvua zilizofuata walipanda karanga nusu ya shamba. Viduha vilichomoza upande wa mahindi, lakini Dorice alikuwa anavijua sasa vingali majani tu. Alivikamata kabla havijaonesha rangi. Upande wa pili wa njia mzee Obadia alifanya vilevile, na wimbo wa Wilbert ulivuka njia ukaenda nyumba nyingine, na nyingine. Msimu wa tatu, pale palipokuwa na karanga, mahindi yalisimama. Kiduha kilionekana kimoja hapa, kimoja kule, kama mwizi aliyepotea njia.

Siku moja ya msimu huo Générose aliuliza, kama kawaida yake:

"Mukazana, mahindi yameamkaje?"

Dorice hakujibu. Alimshika mkono, akamwongoza mpaka katikati ya shamba. Akauweka mkono wa mzee kwenye jani, kisha kwenye hindi bichi. Hindi lilijaza kiganja. Majani mapana yaligusana juu ya vichwa vyao, yakapiga sauti nzito, ya kushiba.

"Haya," alisema Générose, "leo sina swali."

Siku hiyo hiyo mama yake Dorice alifika kutoka Ikola kuwasalimia. Alikuja na ndoo ya dagaa. Mvua ilikuwa imemkuta njiani kwenye lori, na dagaa walikuwa wamelowa.

"Mwanangu, wataoza hawa," alisema hata kabla ya kukaa. "Nionyesheni mahali pa jua niwatandaze."

Wilbert alimtazama mkewe. Dorice aliuma midomo. Ndipo Générose, kutoka kwenye kigoda chake, akasema kwa upole:

"Tandaza popote unapotaka, dada yangu. Hapa uani, juu ya paa, hata kitandani kwangu. Ila shambani hapana. Dagaa wa ukoo wenu wakianikwa shambani, wanaota."

Mgeni alisimama na ndoo yake, akishangaa kwa nini nyumba nzima inacheka mpaka mtoto naye anapiga makofi.